Bukoba: Kutoka mnara wa Mjerumani hadi swichibodi ya hospitali

Najua nimekaa kimya karibu wiki tatu. Mhariri alinibana na habari za bei ya kahawa na vikao vya madiwani, na nikirudi nyumbani usiku sina hata hamu ya kuigusa kompyuta. Lakini kuna jambo nimeliona ambalo gazetini lilipewa aya nne tu ukurasa wa sita, na mimi naona lilistahili zaidi. Kwa hiyo leo wekeni kahawa pembeni, iwe ya Bukoba kama ipo, tuongee taratibu. Ni habari ya simu.

Ilianza hivi. Hospitali moja huku kwetu mkoani Kagera, ambayo jina lake nalihifadhi na mtaona kwa nini, ilifungiwa mtambo mpya wa simu. Simu 60 za mezani, kuanzia mapokezi hadi wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, maabara, benki ya damu, stoo ya dawa na kibanda cha mlinzi. Nilialikwa kupiga picha siku ya makabidhiano. Saa 4 asubuhi mgeni rasmi angekata utepe, kisha chakula. Nilifika saa 3 na nusu nikakuta utepe umeshafungwa mlangoni, viti vimepangwa, na ndani ya chumba cha mitambo kuna mabishano.

Kamati ya ukaguzi na mapokezi ilikuwa na watu watano: ofisa manunuzi, mhasibu, matroni, fundi umeme wa hospitali, na mzee mmoja mstaafu aliyeombwa kusaidia kwa sababu alifanya kazi ya simu karibu maisha yake yote. Wanne walikuwa tayari kusaini. Mzee alikuwa amekataa.

"Mzee wetu, wageni wanakuja," ofisa manunuzi alimwambia kwa upole. "Saini tu, marekebisho madogo yatafuata."

"Mwanangu, nikisaini ndiyo wamelipwa," mzee akajibu. "Wakishalipwa, hayo marekebisho utayafuata wewe Mwanza kwa basi."

Nikamsalimia, shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la mitambo akisoma lebo za nyaya moja baada ya nyingine kwa tochi ya simu. Nikakaa chini pembeni yake. Nilichosikia siku ile, na siku mbili nilizokwenda kumtembelea nyumbani kwake baadaye, ndicho kimenifanya nikaingia kwenye vitabu kutafuta historia ya mawasiliano ya mji wetu. Na nimekuta mambo ambayo shuleni sikufundishwa.

Tuanze na mnara.

Bukoba kama kituo cha serikali ilianzishwa Novemba 1890 na Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri. Wahaya na watawala wao walikuwapo karne nyingi kabla yake, lakini boma la pale ufukweni ni kazi ya Wajerumani. Shida yao ilikuwa umbali. Makao makuu yao yalikuwa Dar es Salaam, na reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 tu na Kigoma mwaka 1914. Barua kutoka Bukoba ilikwenda kwa mashua na kwa miguu ya wapagazi. Kutandaza waya kuzunguka ziwa lile lote lilikuwa jambo gumu. Wakaamua kutumia teknolojia mpya kabisa ya wakati huo, simu ya upepo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba.

Hebu fikirini. Mji mdogo ukingoni mwa ziwa, wenye boma, maduka na migomba, halafu katikati yake unasimama mnara wa chuma wa karibu futi 200, yaani kama mita 60. Meli ya Waingereza ikionekana ziwani, Mwanza wanajua siku hiyo hiyo.

Waingereza upande wa pili, Kisumu, hawakuupenda. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni 1915 meli zao za ziwani zilifika karibu na Bukoba zikiwa na zaidi ya askari elfu moja chini ya Brigedia Jenerali J. M. Stewart. Walikuwemo Waingereza wa kikosi cha Loyal North Lancashire na cha 25 cha Royal Fusiliers, Wahindi wa kikosi cha 29 cha Punjabi, na Waafrika wa King's African Rifles. Walishuka kaskazini ya mji, chini ya miamba, wakapigana siku mbili. Tarehe 23 Juni wakaingia mjini, wakaangusha mnara na kubomoa boma. Mji ukaporwa, na maandishi ya Waingereza wenyewe yanakiri hivyo. Halafu, na hapa ndipo niliposhangaa, wakapanda meli zao wakaondoka! Hawakuweka hata bendera ya kudumu. Waliurudia mji na kuukalia mwaka uliofuata, 1916.

Kwa hiyo ile vita ya Bukoba ya 1915 haikuwa ya kahawa wala ya pembe za ndovu. Watu wazima walivuka Ziwa Victoria na mizinga, wakaua na kuuawa, kwa ajili ya kukata mawasiliano. Miongoni mwao alikuwemo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, wakati huo mzee wa miaka 63. Ndiye yule aliyeuawa Beho Beho Januari 1917, na pori la akiba likapewa jina lake hadi sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Wengi wetu tunalijua pori. Wangapi tunajua kwamba mwenye jina alipita hapa Bukoba kuja kuangusha mnara wa simu?

Nilipomwambia mzee habari hii alitabasamu. Alikuwa anaijua. "Sisi tuliambiwa siku ya kwanza kazini," alisema. "Adui akija anaanza na wewe wa simu."

Sasa twende kwenye waya. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu Machi 1876. Zanzibar ilifikiwa na kebo ya telegrafu ya chini ya bahari mwaka 1879, miaka mitatu tu baadaye, kwa hiyo Afrika Mashariki haikuchelewa sana kama tunavyodhani. Waliochelewa ni watu wa bara, na hasa sisi wa mwisho wa barabara. Mwaka 1933 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa idara moja. Ulipokuja mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa Juni 1967, huduma hizo zikawa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na makao yake makuu yakapelekwa Kampala. Wakati huo reli na ndege makao yake yalikuwa Nairobi, na bandari Dar es Salaam.

Kwa mtu wa Bukoba hilo lilikuwa jambo kubwa. Kampala ni jirani yetu, tunaifikia kwa Mutukula kabla hata ya kufikiria Dar. Mzee wangu aliajiriwa mwaka 1974 akiwa na miaka 20 na akapelekwa Mbagathi, Nairobi, kwenye chuo cha shirika walikofundishwa mafundi wa nchi zote tatu. Bweni moja, Mkikuyu, Mganda na Mhaya. Huko ndiko alikofundishwa mambo mawili ambayo anayarudia hadi leo: kila waya uwe na jina, na usiamini mtambo ambao hujauzima mwenyewe ukauona unawaka tena.

Mwalimu wake aliwasimulia pia habari ya Almon Strowger. Huyu alikuwa mzika maiti wa Marekani, kazi yake majeneza na mazishi. Inasimuliwa kwamba mke wa mpinzani wake kibiashara alikuwa opereta wa simu pale mjini, na kila mfiwa akipiga kumtafuta Strowger, anaunganishwa kwa mume wa opereta. Strowger akakasirika akabuni mtambo unaounganisha simu bila mkono wa mtu. Hataza aliipata Machi 1891, na mwaka 1892 mtambo wa kwanza wa aina hiyo ukafunguliwa La Porte, jimbo la Indiana. Ile sauti ya tik-tik-tik mliyokuwa mkiisikia mkizungusha namba kwenye simu za zamani inatokana na kazi ya mzika maiti huyo.

Kabla ya hapo, na kwa miji mingi midogo muda mrefu baada ya hapo, simu iliunganishwa na mtu. Opereta anakaa mbele ya bodi yenye matundu na taa, anachomeka plagi moja kwako na nyingine kwa unayemtaka. Simu ya mbali ulikuwa unabuku. Unasema nataka Dar es Salaam namba fulani, unakaa unasubiri, saa moja, mbili, wakati mwingine unaambiwa rudi kesho. Wafanyabiashara wa kahawa wa enzi ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, kilichoanzishwa mwaka 1950, wanalijua benchi la posta vizuri.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Kenya ukafungwa mwezi Februari na ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Tanzania ikaunda Shirika lake la Posta na Simu, na mafundi wetu wakabaki na mitambo ambayo vipuri vyake vilikuwa Nairobi na nyaraka zake Kampala. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1978, ndege za Idi Amin zikadondosha mabomu Bukoba. Amri ile ilitoka Kampala, mji ule ule ambako mwaka mmoja na ushee kabla mzee alikuwa akituma ripoti zake za kazi.

Anasema siku hiyo alikuwa zamu kwenye bodi ya simu za mbali. "Taa ziliwaka zote. Zote! Kila mwenye simu mjini aliinua mkonga wakati mmoja anataka Mwanza, anataka Dar. Nilikuwa na njia chache tu. Nikimpa huyu, yule anakosa. Nilianza na hospitali na polisi, wengine wakanitukana mpaka kesho yake." Majeshi ya Amin baadaye yakaingia nchi kavu na kuikalia ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa mwanzoni mwa Novemba, na majeshi yetu yakaingia Kampala Aprili 1979. Hayo mnayajua. Mimi nilibaki na zile taa.

Kwa sababu zile taa zina hesabu yake. Mwaka 1909 Mdenishi mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za swali hili hili: watu wakiwa wengi na njia zikiwa chache, wangapi watakosa? Fomula yake maarufu ilitoka mwaka 1917 na inatumika hadi leo duniani kote. Kumbukeni jina hilo, tutarudi kwake hospitalini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1994 Posta na Simu ikagawanywa, simu zikawa TTCL. Mwaka huo huo Mobitel ikaanza simu za mkononi Dar es Salaam. Vodacom ikaja mwaka 2000. Mwaka 2001 serikali ikauza asilimia 35 ya TTCL kwa wawekezaji wa nje, na mwaka 2016 ikazirudisha hisa hizo, hatimaye mwaka 2018 likawa Shirika la Mawasiliano Tanzania. Katikati ya hayo yote simu ya mezani ikawa pambo la kuwekea kitambaa, na mafundi wa umri wa mzee wangu wakapunguzwa kazi au wakastaafu. Nani alihitaji mtu wa kusoma rangi za nyaya wakati kila mmoja ana simu mfukoni na anajua kubipu?

Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo, mpaka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Nilikuwa Bukoba. Saa 9 na nusu hivi mchana ardhi ikatetemeka, tetemeko la 5.9. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha mkoani kwetu, nyumba kwa maelfu zilipasuka au kuanguka, shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Mama yangu alikuwa sokoni. Nilipiga simu yake nadhani mara 30, na kila mara sauti ile ile ya kike ikaniambia mtandao una shughuli nyingi. Nikaenda kumtafuta kwa miguu. Nilimkuta salama amekaa chini na wenzake, naye mkononi ana simu, ananipigia. Taa zote zilikuwa zimewaka.

Haya, turudi hospitalini.

Mzee alikuwa na karatasi yenye mambo manne. Nayaandika hapa kwa sababu ofisi nyingi, shule, hoteli na halmashauri zinafungiwa mitambo hii sasa, na anayesaini kwa kawaida ni mtu wa manunuzi ambaye kosa lake ni kutojua tu.

La kwanza lilikuwa waya wa ardhini. Ukanda wetu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na mtu wa Muleba au Bukoba haambiwi hilo na kitabu. Radi ikipiga, umeme wake unatafuta njia ya kwenda ardhini. Usipoupa njia nzuri, unapita kwenye nyaya za simu na kuchoma mtambo, na anayeshika mkonga naye yuko hatarini. Mkataba wa hospitali ulisema ukinzani wa ardhini usizidi ohm 5. Mzee alichomeka vijiti vyake, akazungusha kipimo, ikasoma 31. Fundi aliyefunga alikuwa amepiga kipande kimoja cha chuma kwenye udongo wa kifusi nyuma ya jengo, akafunika na saruji safi.

La pili lilikuwa umeme. Hapa nilijifunza kitu. Simu za zamani zilipata nguvu yake kutoka kwenye betri za mtambo mkuu, volti 48, ndiyo maana umeme ukikatika mji mzima simu ya mezani ilikuwa bado inalia. Simu hizi mpya ni za kompyuta. Zinapata nguvu kupitia ule ule waya wa mtandao, kutoka kwenye visanduku vya kugawia mtandao vilivyopo kila jengo. Mzee akaomba swichi kuu izimwe. Fundi wa kampuni akasema haina haja, betri zipo. Mzee akarudia ombi lake. Ikazimwa. Mtambo mkuu ukaendelea kuwaka vizuri kabisa kwenye betri zake, na simu zote 60 zikafa. Betri ziliwekwa kwenye kichwa, miguu ikasahauliwa. Jenereta liliwaka baada ya dakika moja, halafu simu zikachukua dakika nyingine mbili na nusu kujiwasha. Matroni, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya, akauliza: "Yaani dakika tatu na nusu hizo nikiwa na mama anatoka damu, namwita daktari kwa nini?" Hakuna aliyejibu.

La tatu lilikuwa njia za kutokea nje, na hapa ndipo kwa Erlang. Mkataba ulisema njia 4, kwa sababu mtambo wa zamani ulikuwa nazo 4 na aliyeandika alinakili. Mzee akachukua kalamu. Tuseme katika saa yenye shughuli nyingi kila simu inazungumza na nje kwa dakika 6. Simu 60 mara dakika 6 ni dakika 360, sawa na saa 6 za mazungumzo ndani ya saa 1. Ukiwa na njia 4, hesabu ya Erlang inatoa kwamba karibu simu 47 kati ya kila 100 zitagonga mwamba. Ukiwa na njia 12, itakosa kama 1 tu kati ya 100. Hakuna kuchimba wala kuvuta waya mpya, kwa sababu siku hizi njia hizo zinapita kwenye kebo moja ya mkongo. Ni suala la kuomba na kulipia.

La nne lilikuwa dogo kuliko yote na ndilo lililonisumbua zaidi. Mtambo ulipangwa hivi: ukitaka nje, bonyeza 9 kwanza. Mzee akaenda kwenye simu ya mapokezi akabonyeza 112, namba ya dharura, bila 9. Simu ikatoa mlio wa kosa.

"Kila mfanyakazi atafundishwa kubonyeza 9," fundi alisema.

"Na mgonjwa? Na mtoto wa mgonjwa?"

Nilipofika nyumbani nilisoma jambo hili nikakuta lina sheria yake Marekani. Desemba 2013, katika nyumba ya wageni kwenye jimbo la Texas, mwanamke aitwaye Kari Hunt alishambuliwa na mumewe akauawa. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 kama alivyofundishwa, mara nne, na simu haikutoka hata mara moja kwa sababu simu ya chumbani ilihitaji kubonyeza 9 kwanza. Babu yake yule mtoto hakunyamaza. Mwaka 2018 sheria yenye jina la Kari ikasainiwa, inayotaka mitambo mipya ya simu za maofisini na mahotelini iruhusu namba ya dharura moja kwa moja. Kurekebisha kwenye mtambo ule wa hospitali kulichukua, kwa saa yangu, dakika 4. Fundi alifanya pale pale tukiwa tumesimama.

Nimtendee haki fundi huyo. Ni kijana wa rika langu, na mzee alimsifu mbele ya wote kwa nyaya zake. Kila waya ulikuwa na lebo mbili, mwanzo na mwisho, na hakuna uliozidi mita 100 ambazo nyaya za aina ile hazitakiwi kupita. Yale mengine hakuyaamua yeye. Aliambiwa bajeti imefika mwisho na makabidhiano ni Alhamisi.

Mzee hakusaini. Matroni akaweka kalamu yake chini naye, kisha fundi umeme wa hospitali. Wakabaki wawili, na wawili hawatoshi. Mgeni rasmi alipigiwa simu, ya mkononi, akaambiwa sherehe imeahirishwa. Chakula kililiwa lakini kwa ukimya, na mimi nikarudi ofisini bila picha ya utepe. Mhariri akauliza habari iko wapi. Nikamwambia habari ni kwamba haikufunguliwa.

Baada ya siku 16 kampuni ilirudi. Safari hii sikualikwa, nilikwenda mwenyewe. Walikuwa wamechimba shimo jipya upande wa bondeni kwenye udongo wenye unyevu na kufukia vyuma vitatu vilivyounganishwa. Kipimo kikasoma 4. Kila jengo likawekewa betri yake. Swichi kuu ikazimwa, na matroni akapiga kutoka wodi ya wazazi kwenda chumba cha upasuaji kwenye giza la korido. Ikaita. Njia za nje wameomba 12, nilipoandika haya zilikuwa zimefunguliwa 8. Mzee akaomba zile 4 ziandikwe kwenye fomu kama deni, ndipo akasaini, taratibu, jina lote.

Tukiwa tunatoka nilimuuliza nani atafanya kazi hii yeye asipokuwepo. Alisema hajui. Mbagathi yao siku hizi ni chuo kikuu cha Wakenya. Wenzake aliosoma nao waliobaki hai mkoani kwetu anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Yule fundi kijana alimwomba namba yake ya simu, akampa, na nasikia Jumapili iliyopita alifika kwake na daftari.

Nilirudi mjini kwa bodaboda kupitia ufukweni, upande ule wa boma la zamani. Nilikuwa nimepita hapo mara elfu. Sijaona kibao chochote kinachosema kwamba mwaka 1915 watu waliuana hapa kwa sababu ya mnara wa simu. Nimeandika barua kwa wahusika wa mambo ya kale kuuliza kama kinaweza kuwekwa. Wakijibu nitawajulisha hapa hapa.

Mpaka wakati huo, ndugu zangu, kama mnakaa kwenye ofisi yenye swichibodi, kesho asubuhi muulizeni anayehusika maswali mawili: umeme ukikatika simu hii inalia, na nikibonyeza 112 bila kitu kingine inatoka? Asipojua, msisubiri tetemeko.

Nawasilisha.